Trekta Dogo la Marobota Makubwa

Jina la nchi yetu siliandiki hapa. Si kwa woga, maana kwetu woga ulishapigwa marufuku, bali kwa sababu jina lenyewe liko kwa kamati. Lile la zamani lilionekana fupi mno lilipoandikwa ubavuni mwa ndege ya Mtukufu Kiongozi, nusu ya ubavu ikabaki tupu, na kamati imepewa kazi ya kutafuta litakalofika mpaka mkiani. Likipatikana mtatangaziwa. Kwa sasa tunaiita Nchi tu, na tunaishi humo.

Mimi ni mtumishi wa umma. Niko Wizara ya Malisho, Mifugo na Shangwe, kitengo cha makofi. Msidhani ni kazi ya mchezo. Kuna makofi ya kumpokea mkubwa, kuna ya kumshangaa, kuna ya kumfunika anapokohoa, na kuna yale mazito ya kuzima swali la mtu ambaye hakualikwa. Wala hayapigwi ovyo. Mkuu wa Itifaki, Bwana Hamduni, hupandisha leso yake nyeupe ndipo sisi tuanze, na akiishusha tunanyamaza. Tangu niajiriwe nilikuwa sijawahi kupiga kofi hata moja la kwangu mwenyewe, na viganja vyangu vimeota sugu kwa uzalendo.

Yapo mambo mawili ya kwetu ambayo mgeni lazima ayajue kabla hajaanza kucheka.

La kwanza ni Sheria ya Kimo. Mtukufu Kiongozi ni mrefu sana kwa hekima, ila Muumba alipofika kwenye miguu alikuwa na haraka zake. Kwa hiyo hakuna chombo cha serikali kinachoruhusiwa kumkalisha dereva wake juu kuliko bega la Mtukufu. Magari ya zimamoto yalikatwa ngazi. Twiga wa mbuga ya taifa walihamishiwa nchi jirani, kwa heshima zote.

La pili ni viti. Kwetu mkubwa hafukuzwi kazi. Huo tunauona ni ushenzi. Kiti chake husogezwa nyuma. Leo yuko safu ya mbele, sherehe ijayo anajikuta nyuma ya nguzo, inayofuata yuko nje ya turubai anachomwa na jua, na hapo mkewe huanza kuuza makochi. Ndiyo maana wakubwa wetu wakiingia mahali popote, hata msibani, hawamtazami marehemu. Wanatazama viti.

* * *

Mambo yenyewe yalianza vizuri. Mwaka ule wa mvua nyingi, nchi rafiki ilitupa mashine ya kukata nyasi na kuzifunga marobota. Ilikuwa na kitufe cha kuchagua ukubwa: robota la kubebwa na mtu, robota la kubebwa na punda, na robota kubwa kupita yote. Waziri wetu, Mheshimiwa Bonavencha Lukundo, alikwenda mwenyewe kuiwasha pale kwenye uwanda wa juu wa Kilima cha Msalanga, ambako nyasi zilikuwa zimefika kiunoni.

"Weka mwisho kabisa," alimwambia fundi.

"Mheshimiwa, mwisho kabisa hayabebeki."

"Nani amekwambia nchi hii inataka kubebwa?" alisema Mheshimiwa. Leso ikapanda, tukapiga makofi.

Basi yakatoka marobota ya mviringo, mazito kama kiboko aliyeshiba, kila moja limevishwa wavu wenye picha ya Mtukufu akitabasamu. Yakaachwa yamejipanga kwenye ukingo wa kilima ili wageni wanaopita na ndege wayaone, yakazungushiwa kamba, kamba ikapewa askari. Mashine ikapelekwa makumbusho ya taifa kabla haijazoeleka.

Halafu ukaja ukame. Chini ya kilima kile kuna kijiji cha wafugaji, na boma lililo karibu zaidi na mteremko ni la mjane mmoja aitwaye Bi Limi. Ng'ombe wake walikufa mmoja baada ya mwingine mpaka akabakiwa na Kashata peke yake, jike la rangi ya sukari iliyoungua, tena mwenye mimba. Mtu wa mjini anaweza kusema ng'ombe mmoja ni kitu gani. Kwa Bi Limi, Kashata ndiye aliyekuwa maziwa, ada ya wajukuu na neno lake kwenye kikao cha ukoo, na ndani ya tumbo la Kashata ndimo lilimokuwa zizi zima analolitegemea. Kila asubuhi ng'ombe yule aliinua kichwa akatazama marobota kule juu, na Bi Limi naye akatazama.

Mheshimiwa alipopita kukagua ukame, mama yule alimsogelea akiwa amejifunga kitenge chake kizuri.

"Mheshimiwa, poleni na safari. Mimi nimebaki na huyu ng'ombe mmoja, na ana mimba. Nyasi ninaziona kwa macho. Naomba ruhusa nifungue robota moja tu, nichukue mzigo wa kichwa."

"Mama yangu," alisema Mheshimiwa kwa upole wa televisheni, "robota ni alama ya umoja wetu. Ukilifungua robota, umoja utakuwa umeuweka wapi?"

"Haya, basi lisifunguliwe. Vijana walisukume tu, literemke lenyewe. Boma langu si hilo hapo chini?"

Wasaidizi wakashika midomo. Mheshimiwa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mama, lile ni la Serikali. Na Serikali haisukumwi. Serikali hubebwa kwa heshima, ikashushwa kwa heshima, mbele ya mgeni rasmi."

Leso ikapanda. Tulipiga yale makofi mazito ya kuzima maswali, lakini Bi Limi alisubiri mpaka yakaisha.

"Na itashushwa lini, baba?"

"Tukishachagua trekta."

Wakati huo Kashata alikuwa bado anasimama mwenyewe.

* * *

Kuchagua trekta si kama kuchagua mchumba. Mchumba ukikosea utavumilia. Ikaundwa Kamati ya Taifa ya Uteuzi wa Trekta, mwenyekiti wake Mheshimiwa mwenyewe, na masharti yakawa wazi: liwe dogo, kwa mujibu wa Sheria ya Kimo, na liweze robota kubwa, kwa mujibu wa kitufe alichobonyeza Mheshimiwa. Kamati ilisafiri nchi zinazotengeneza matrekta. Ikasafiri pia nchi chache zenye fukwe zisizotengeneza chochote, kwa ajili ya kulinganisha. Wajumbe walirudi wamenawiri.

Matrekta yaliyopita mchujo yaliletwa uwanjani, Wizarani, mbele ya meza kuu. Sisi wa makofi tulipangwa pembeni.

La kwanza lilikuwa na mikono ya chuma mbele na mkuki wa kuchomea robota. Muuzaji alilifanya liinue bamba la zege, likainua bila hata kukohoa. Bwana Hamduni akaja na fimbo ya kimo, ambayo ina urefu wa bega la Mtukufu na hulala kwenye kabati la vioo, akaisimamisha kando ya kiti cha dereva. Kiti kilizidi kwa upana wa kiganja. Trekta lilitolewa uwanjani kwa ulinzi, na muuzaji akaulizwa anatumwa na nani.

La pili lilikuwa fupi na pana, na nyuma yake lilibeba pande kubwa la chuma.

"Hilo dude la nyuma ni la nini?" aliuliza Mheshimiwa.

"Ni uzito, Mheshimiwa. Trekta dogo likiinua mzigo mkubwa mbele, lazima nyuma kuwe na uzito wa kulishikilia, la sivyo litapinduka."

"Kwa hiyo linakiri lenyewe kwamba linaweza kupinduka."

"Lolote linaweza, Mheshimiwa, ndiyo maana..."

"Sikiliza, kijana. Taifa hili haliwezi kuendeshwa na chombo kisichojiamini."

Likakataliwa kwa kukosa kujiamini. Nasikia siku hizi linafanya kazi nchi jirani, pamoja na twiga.

La tatu, macho yote yalilipenda. Lilikuwa dogo kama mbuzi wa kufugwa nyumbani, na rangi yake ilikuwa ya Chama tupu. Kiti kilikuwa cha ngozi, mbele kulikuwa na mahali pa kuchomeka bendera, na honi yake iliimba ubeti wa kwanza wa wimbo wa taifa. Mikono ya kuinulia na mkuki vilikuwapo, vyembamba, vimepakwa rangi ya dhahabu. Mjumbe mmoja ambaye alikuwa bado mgeni katika kamati aliuliza kama litaweza robota.

Mheshimiwa akafungua kijitabu cha muuzaji, akaonyesha picha. Palikuwa na trekta lile likiwa limeegeshwa, na kando yake robota.

"Hawa wamepiga picha pamoja," alisema. "Watu wasiojuana hawapigi picha pamoja."

Hoja ikapita. Kwenye kikao kilichofuata yule mjumbe alikikuta kiti chake karibu na mlango.

Mtauliza kwa nini halikujaribiwa siku ileile. Kwetu kitu cha serikali hakiguswi kabla ya uzinduzi. Hospitali ya mkoa wetu imesubiri mgeni rasmi muda mrefu kiasi kwamba waganga wanatibu wagonjwa kwenye ngazi za nje, na vitanda vya ndani bado vina nailoni zake. Trekta lilifunikwa turubai, likatengwa, likasubiri.

Nilipita Msalanga siku zile, tukiandaa mahali pa kusimamisha mahema. Jiko la Bi Limi lilikuwa limeezekwa kwa nyasi. Nilimkuta amepanda juu ya ngazi, anang'oa nyasi za paa konzi baada ya konzi na kumrushia Kashata. Zilikuwa nyeusi kwa moshi wa miaka, na ng'ombe alizitafuna huku akipiga chafya.

"Trekta limepatikana?" aliniuliza kutoka juu.

"Limepatikana, mama. Zuri sana. Lina bendera."

Alinitazama, akarudi kwenye kazi yake.

* * *

Kabla ya uzinduzi hufanyika mazoezi ya uzinduzi. Trekta lililetwa kilimani na dereva wake, Gervasi, mtu wa maneno machache na kofia ya sufi. Bwana Hamduni akasimama na leso, tukapiga, Gervasi akachoma mkuki kwenye robota la ukingoni kabisa, akavuta mpini wa kuinulia.

Robota lilibaki palepale. Kilichoinuka ni trekta. Magurudumu ya nyuma yalipanda taratibu mpaka pua ikagusa ardhi, na Gervasi akabaki amening'inia kitini kama nguo kwenye kamba.

"Ajabu!" alisema Bwana Hamduni, machozi yakimtoka. "Linasujudu! Mheshimiwa atafurahi kweli."

"Bwana mkubwa, mimi niko hewani," alisema Gervasi.

Akashushwa, akaeleza lile lile tulilolisikia uwanjani, kwamba nyuma ni kwepesi. Chuma kisingewezekana, kwa sababu Mheshimiwa alishakilaani hadharani. Mawe yasingewezekana, kwa sababu hakuna mwongozo unaoruhusu mawe kupanda gari la serikali. Bwana Hamduni akazunguka kilima akifikiri, halafu macho yake yakatua kwetu.

"Nyinyi wa makofi. Mnakula vizuri?"

Likafungwa benchi la mbao nyuma ya trekta, tukapandishwa kitengo kizima, tumebanana, magoti yakigongana. Sisi kukaa nyuma hakutusumbui, maana ndiko tulikozaliwa. Gervasi akavuta tena.

Robota likapanda. Nililiona kwa macho yangu: kwanza wavu ulinyooka, halafu mwanga ukapita chini yake, halafu likawa juu, linaning'inia, na harufu ya nyasi kavu ikatufikia, tamu kama ya mkate. Hatukungoja leso kucheka. Chini kule Kashata aliinua kichwa, na Bi Limi alipanda mteremko mbio mpaka kwenye kamba.

"Twende basi," alisema Gervasi. "Nashuka nalo polepole, namwachia mama wa watu, narudi."

"Shusha hapohapo," alisema Bwana Hamduni.

"Bwana mkubwa?"

"Shusha! Unataka kumzindulia Mheshimiwa?"

Robota likarudishwa pale pale ukingoni. Bi Limi alikuwa ameshika kamba kwa mikono miwili.

"Lakini si limeshainuka?" alisema.

"Limeinuka kimazoezi, mama," Bwana Hamduni alimfafanulia. "Kuinuka rasmi ni siku ya uzinduzi."

"Ng'ombe wangu hali kimazoezi, baba. Wala hafi kimazoezi."

Bwana Hamduni akapandisha leso. Tulikuwa bado kwenye benchi, na tulipiga tukiwa tumekaa.

* * *

Siku ya uzinduzi kilima kilijaa. Kulikuwa na mahema, zulia jekundu, kwaya za fulana za aina moja, maji ya chupa kwa wageni na hotuba kwa mifugo. Utepe ulifungwa kati ya nguzo mbili kwenye ukingo, na nyuma yake trekta lilisimama limepakwa mafuta liking'aa. Televisheni ya taifa, ambayo ndiyo pekee, ilikuwa hewani moja kwa moja.

Kutoka nilipokuwa nimesimama niliona boma la Bi Limi chini kabisa. Jiko lilikuwa limebaki miti mitupu, maana paa lote lilishaliwa. Kashata alikuwa amelala ubavu karibu na lango, na Bi Limi alikuwa amekaa kando yake, ameweka kichwa cha ng'ombe mapajani na anakifukuzia nzi kwa ncha ya kitenge. Mfugaji akiona ng'ombe amelala vile anajua kwamba ni suala la kutwa ile. Hata mimi, mtu wa makofi, nilijua.

Mheshimiwa alihutubia kwa kirefu.

"Ndugu wananchi! Walikuwapo waliosema trekta dogo haliwezi robota kubwa. Leo nawauliza, wako wapi?"

Walikuwa kituo cha polisi, lakini hilo lilikuwa swali la balagha tu.

"Wapo waliosema ng'ombe wanakufa. Mimi nasema, ng'ombe mzalendo hafi kabla ya uzinduzi! Na ili kuonyesha kwamba Serikali yenu inashuka kwa wananchi, leo nitaliteremsha robota hili mimi mwenyewe. Nitapanda nalo!"

Leso ilipanda kwa kuchelewa. Hili halikuwa kwenye ratiba.

Gervasi alimnong'oneza Bwana Hamduni kwamba basi sisi tupande benchi. Bwana Hamduni alitutazama viatu, akaitazama televisheni. Haiwezekani, alisema, taifa zima lione Serikali imeshikiliwa na kandambili. Badala yetu wakaitwa Katibu Mkuu na wakurugenzi wote. Kwa kweli, kwa upande wa uzito, yalikuwa mabadiliko mazuri. Wakurugenzi wetu wakipanda lifti, lifti huomba ruhusa kwanza. Laiti wangekaa pale kwenye benchi wakatulia, wakafanya kwa mara moja maishani mwao kazi ambayo Mungu aliwaumbia, yote yangekwisha salama.

Ikabaki kiti cha Mheshimiwa. Mgeni rasmi hakai nyuma ya dereva, hilo liko wazi. Pembeni pa dereva hapakuwa na nafasi. Kiti chake chenye mito myekundu kikafungwa juu ya robota lenyewe, mbele ya wote, na Mheshimiwa akapandishwa kwa ngazi akiwapungia wananchi.

Gervasi akavuta. Na robota likapanda! Likapanda na Mheshimiwa wake, na kiti chake, na mito yake, na benchi la wakurugenzi likagandamiza nyuma barabara. Kwaya zikaangua vigelegele. Tulipiga mpaka viganja vikawaka moto, na mimi nilijisemea moyoni kwamba ng'ombe yule atakula.

Ndipo Katibu Mkuu akageuka akaiona kamera.

Aliiona kamera, akamwona Mheshimiwa yuko mbele kule juu, akajiona mwenyewe alipo. Alikuwa nyuma. Si nyuma ya nguzo wala nje ya turubai. Alikuwa nyuma ya trekta, nyuma ya dereva mwenye kofia ya sufi, mbele ya taifa zima. Nadhani aliyaona makochi ya nyumbani kwake yakipakiwa kwenye mkokoteni. Akasimama kana kwamba anakwenda kuinyoosha bendera, akapita kwa ubavu, akasimama kwenye kidato cha kupandia cha mbele, karibu na injini. Mkurugenzi wa Malisho alipoona mwenzake amesogea, hakukubali kuachwa. Akahamia kidato cha upande wa pili. Mkurugenzi wa Shangwe akakanyaga magoti ya wenzake akajipenyeza mbele ya Mkurugenzi wa Malisho. Benchi likaanza kupumua.

"Rudini nyuma!" alipiga kelele Gervasi. "Wazee, rudini nyuma!"

Katika nchi yetu hakuna tusi linalozidi hilo. Wakurugenzi wote waliokuwa bado wamekaa waliinuka.

"Nani arudi nyuma?"

"Wewe ni nani wa kunirudisha mimi nyuma?"

"Andika jina la huyu dereva!"

Wakaja mbele wote kwa pamoja, ili ieleweke. Trekta likasujudu.

Lilisujudu mpaka pua ikachimba ardhi, mikono ya dhahabu ikapinda, na robota likachomoka kwenye mkuki. Kamba za kiti zilikatika, Mheshimiwa akatangulia peke yake na kuanguka juu ya zulia jekundu, kwa hiyo hata kuanguka kwake kulizingatia itifaki. Robota lilitua ukingoni, likayumba kidogo kana kwamba linatafuta ruhusa, halafu likaanza kwenda.

Liliukata utepe lenyewe. Likashika mteremko, na picha ya Mtukufu ikawa inazunguka nalo, uso juu, uso chini, ikitabasamu kote kote. Askari wa kamba waliruka pembeni, maana hawakuwa wamefundishwa kumzuia Mtukufu. Lilipita kwenye vichaka, likaruka kwenye tuta, na kutoka kilimani tulimwona Bi Limi akiinua kichwa. Hakukimbia. Alijilaza juu ya shingo ya ng'ombe wake akaikumbatia.

Robota liligonga nguzo ya lango lake. Nguzo ikavunjika, wavu ukapasuka, na umoja wetu wa kitaifa ukamwagika uani kwake, rundo kubwa la rangi ya dhahabu.

Leso ya Bwana Hamduni ilikuwa inafuta vumbi kwenye uso wa Mheshimiwa, kwa hiyo hapakuwa na ishara yoyote, na umati wote uliganda ukingoja kujua umeona nini. Chini kule Bi Limi alichota nyasi kwa mikono miwili, akaziweka mdomoni mwa Kashata. Muda ulipita. Halafu taya la ng'ombe likaanza kwenda, kushoto, kulia.

Nikasikia mtu anapiga makofi. Nilitazama huku na huku nimwonee huruma mpumbavu huyo, nikakuta ni mikono yangu.

* * *

Mshereheshaji aliokoa jahazi. Alinyakua kipaza sauti, akatangaza kwamba Mheshimiwa ametuzindulia Mfumo wa Kitaifa wa Kushusha Nyasi kwa Kasi, na leso ikapanda na vumbi lake, na kila mtu akaelewa alichokiona. Magazeti ya kesho yake yaliandika hivyo hivyo, na picha ilikuwa ya robota.

Dereva Gervasi alipelekwa kituo cha polisi, kwa wale waliosema trekta haliwezi, akawaulize wako wapi. Wakurugenzi wote walibaki safu ya mbele. Benchi la kitengo chetu, kwa sababu ambayo sijaambiwa, sasa huwekwa nyuma ya vyoo vya wageni, ambako hotuba husikika vizuri zaidi.

Serikali, kwa kuwa inajifunza, iliona hatari ya marobota mengine kuwateremkia wananchi bila mgeni rasmi. Ikaamuru kila robota liwekewe jiwe mbele, na kazi hiyo ikapewa trekta, baada ya mikono yake kunyooshwa. Liliimudu kwa kuwa lilichaguliwa vizuri. Ila, likiwa trekta dogo, liliweza kuinua mawe madogo tu, ya ukubwa wa sufuria, yale ambayo mwanamke akitaka anaweza kuyasogeza kwa mguu.

Tangu hapo pamekuwa na upepo Msalanga. Kila baada ya siku kadhaa robota moja huteremka, na kila mara hufika kwenye boma lenye ng'ombe. Wizara imeunda kamati ya kuuchunguza upepo huo, na taarifa ya awali inasema una akili kuliko ilivyotarajiwa.

Juzi tulikwenda tena, Mheshimiwa akikagua mawe. Alipofika kwa Bi Limi alimkuta Kashata amesimama, mbavu bado zinahesabika, ndama ananyonya. Ndama mwenyewe ni mnene wa kichwa, mvivu, na akishashiba hulala mlangoni mwa jiko asipitike mtu.

"Hongera, mama!" alisema Mheshimiwa, na kamera ikasogea. "Ndama mzuri. Anaitwa nani?"

"Anaitwa Serikali, Mheshimiwa."

Mheshimiwa alicheka kwa furaha, akauambia umati kwamba huu ndio uzalendo, na leso ikapanda, tukapiga kutoka nyuma ya choo. Bi Limi alingoja mpaka makofi yakaisha, kama kawaida yake. Alikuwa na chungu jikoni, na ndama alishalala tena mlangoni.

Akapita nyuma yake, akaweka viganja viwili, akasukuma. Serikali ikasogea.